Nilikwenda Amerika Kubeba Watu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ukumbini au kwenye ngazi za ploti tunayokaa ananiuliza ilikuwaje huko. Nikifika katikati ya hadithi anaingia mwingine, na inabidi nianze upya. Nimechoka kuanza upya. Nimeandika, someni. Habari za viza, tiketi na harambee nimeziruka, kwa sababu mlikuwepo na zilituchosha sote.

Kwa yule atakayesoma bila kutujua: sisi ni kikundi cha sarakasi. Tunafanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa hapa Kariobangi, juu ya magodoro ambayo wenyewe waliyatupa. Mimi ni Mumbua, na kazi yangu ni ya chini. Nimerithi mabega ya baba na mapaja ya mama, na tangu tukiwa shule ya msingi nimembeba Atieno, rafiki yangu, ambaye ana mwili kama wa ndege na hupanda juu kabisa. Watazamaji humpigia makofi Atieno. Mimi ni kama ngazi. Hakuna mtu anayeipigia ngazi makofi.

Mwaka jana nilisikia kwamba kuna vyuo Amerika vinavyowalipia karo machialida, wale wasichana wanaorushwa hewani kando ya uwanja watu wakicheza mpira. Nilikuwa nimemaliza shule na kupata alama za kusomea tibaviungo, yaani kuwanyoosha watu walioumia migongo na magoti, lakini karo haikupatikana na nikaishia kusuka nywele kwenye kibanda cha shangazi. Basi nikatuma video ya kikundi chetu kwa kocha wa chuo kimoja kidogo. Katika ujumbe niliandika kwamba mimi ndiye wa katikati. Kocha akajibu kwamba wa katikati amempendeza sana, aje ajaribiwe.

Kariobangi hadi uwanja wa ndege

Nyumbani hakuna aliyeelewa ninakokwenda. Baba, ambaye huchonga vinyago na hapendi maneno mengi, aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kusomeshwa kwa sababu ya kushangilia. Nikamwambia ni kweli. Akasema kama ingekuwa hivyo hapa kwetu, mashabiki wote wa mpira wangekuwa maprofesa. Mama yeye aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba nimeitwa kwenye kwaya, na Jumapili ile mchungaji akaniweka mkono kichwani na kuiombea sauti yangu. Sikumsahihisha. Niliona maombi ni maombi.

Siku ya kuondoka, watu waliotaka kunisindikiza walikuwa wengi na gari lililopatikana lilikuwa moja: gari la Mzee Shikuku, jirani yetu, ambaye ni dereva wa gari la kubebea maiti. Alisema siku hiyo halina kazi na ameliosha vizuri. Tukajipanga kwenye viti vya wafiwa, na sanduku langu likawekwa pale nyuma ambapo huwekwa jeneza. Atieno alikataa kuingia. "Mimi humo siingii nikiwa mzima," alisema, akatufuata kwa boda boda.

Sijawahi kusafiri kwa heshima namna ile. Magari yalitupisha. Mzee mmoja kando ya barabara alivua kofia, na mimi, kwa kutojua la kufanya, nikampungia mkono kutoka dirishani. Alishtuka akarudi nyuma.

Getini askari alichungulia ndani, akamwona mama analia, akainamisha kichwa na kusema pole sana, nani amewatoka? Mama hakusikia vizuri. Akanionyesha mimi kwa kidole na kusema, "Ni huyu. Anaenda mbali."

Tukaruhusiwa kupita bila kukaguliwa kwa muda mrefu. Kabla sijaingia ndani, mama alinitia mkononi mfuko wa muthokoi mkavu, yale mahindi yaliyokobolewa, ili huko nisife njaa. Atieno hakulia. Aliniambia tu niangalie mgongo wangu, nisimbebe mtu yeyote kabla sijapasha mwili moto.

Jiji la ukungu

Ndege ya kwanza ilitupeleka hadi jiji moja la Ghuba, ambako tulitakiwa kubadili ndege haraka. Lakini ukungu ulikuwa umeshuka na hakuna ndege iliyoruka. Abiria walijaza viti, kisha sakafu. Mimi nilipata nafasi ukutani, karibu na mama mmoja mtu mzima aliyevaa buibui, aliyekuwa akila visheti kutoka kwenye kopo. Simu yangu ilikuwa imezima, na pembeni ya mama huyo niliona chaja.

Nikamwambia, "Mama, nipe hiyo chaja."

Alinitazama kwa utulivu. "Mwanangu, unaniomba au unaninyang'anya?"

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Bi Mwanaidi wa Tanga, ambaye alikuwa akienda kumwona mtoto wa kwanza wa binti yake. Alinifundisha kwamba kwao mtu huanza kwa kusema naomba, hata anapodai kilicho chake. Mimi nilidhani nimezaliwa na Kiswahili, kumbe nilikuwa nacho cha Kariobangi tu. Kila nilipofungua kinywa alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nikisema "ndio hii nacome", yaani nakuja, anafumba macho. Lakini visheti alinigawia bila kuombwa, na vilikuwa vitamu kuliko chakula chote nilichokula safari nzima.

Akauliza ninakwenda Amerika kufanya nini. Nikajibu nakwenda kubeba watu.

"Wagonjwa?"

Nikasema hapana, wazima. Akauliza kama miguu wanayo. Nikasema wanayo. Akafunika kopo lake, akasema Mungu anisahilishie.

Ukungu ulipofunguka, ilikuwa kama mlango wa shule umefunguliwa. Kila mtu alikimbia. Ndege yetu, kwani tulikuwa tunasafiri pamoja na hatukujua, iliitwa kutoka mlango wa mbali kabisa, ghorofa ya juu, na lifti ya upande ule ilikuwa mbovu. Magoti ya Bi Mwanaidi hayakuwa ya ngazi. Kiti cha magurudumu alichoahidiwa hakikuonekana. Akaniambia nitangulie, nisikose safari yangu kwa ajili ya kizee kisichonihusu.

Nikachuchumaa mbele yake na kumwambia apande.

Alikataa. Tukasikia ndege ikiitwa tena, mara hii kwa jina lake, likitamkwa vibaya sana. Akasema bismillahi, akakusanya buibui, akapanda mgongoni. Nimebeba watu wengi, lakini sijawahi kubeba mtu anayetoa amri kama Bi Mwanaidi. Kushoto, mwanangu. Polepole. Mpishe huyo baba. Visheti vyangu. Watu walisimama kutupiga picha, na nilipofika juu ya ngazi kulikuwa na wengine wanapiga makofi. Nilifikiri wanampigia yeye, kwa mazoea.

Mlangoni mfanyakazi aliuliza mimi ni nani kwake. Bi Mwanaidi akamjibu kwa Kiswahili, huku bado yuko mgongoni, kwamba mimi ni mjukuu wake. Hakuna aliyebisha. Nilipomtua alinirekebisha kola ya shati, akasema sasa ameielewa kazi yangu, na ni kazi ya heshima.

Mbwa wa mpakani

Amerika ilinipokea kwa mbwa. Alikuwa mdogo, amevaa fulana, na alikuja moja kwa moja akaketi mbele ya mfuko wangu akinitazama usoni. Kwetu mbwa akikuketia hivyo amekupenda. Nikainama kumsalimia. Mwenye mbwa akaniambia nisimguse, yuko kazini.

Waliufungua mfuko wa muthokoi juu ya meza na kuutazama kama mchanga wa dhahabu. Wakauliza ni nini. Nikasema mahindi. Wakauliza mbona hayana maganda. Nikaeleza kinu, mchi, na kwamba mama anapenda yapikwe na maharage na mboga kidogo. Yule afisa alisikiliza mpaka mwisho, akasema yanaonekana matamu sana, kisha akayatupa kwenye pipa. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Mtu anaweza kuvumilia kuondoka kwao, lakini asione muthokoi wa mama yake ukimwagwa na mtu aliyetoka tu kuusifu.

Afisa wa pasipoti aliuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema kushangilia. Akauliza timu gani. Nikasema bado sijaijua vizuri. Akanitazama, akatazama karatasi, na bila kucheka akaniambia basi nimshangilie kidogo asikie.

Sikujua kama anatania. Nikajua tu kwamba nyuma yangu kuna foleni na mbele yangu kuna muhuri. Wimbo pekee niliokumbuka ni ule wa shule yetu, wa kuwaambia wapinzani warudi kwao wakanywe uji. Nikauimba kwa sauti ya chini huku nikipiga makofi polepole. Akauliza maana yake. Nikasema ni maneno ya kukaribisha wageni. Akagonga muhuri.

Basi la nchi ya mahindi

Kutoka hapo nilipanda basi kuelekea mji wa chuo. Nje palikuwa mahindi, mahindi, halafu mahindi, na nikamfikiria yule afisa na pipa lake. Basi liliharibika kando ya mkahawa mmoja na tukaambiwa tusubiri fundi.

Njaa ilinipeleka ndani. Nikaomba mkate wenye nyama, tena nikaanza na naomba, kwa Kiingereza. Binti wa kaunta akaniuliza mkate gani. Baada ya mkate akauliza nyama gani, jibini gani, ikayeyushwa au isiyeyushwe, mchuzi gani, kachumbari ipi. Sijawahi kufanya mtihani wa mdomo mrefu kiasi kile. Sikutaka kuonekana mshamba, kwa hiyo kila alipouliza nilijibu ndiyo. Alichoniletea hakikuweza kuingia mdomoni mwa binadamu. Nilikila kutoka pembeni, kama panya anavyokula gunia, na kilinitosha mpaka basi lilipotengenezwa na hata baadaye.

Tulipofika, kituo kilikuwa kitupu. Kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni, ameshika karatasi iliyoandikwa MUMBAI. Nikafikiri anamsubiri Mhindi. Nikaketi kumsubiri kocha wangu. Yeye akapita mbele yangu, akachungulia ndani ya basi, akapita tena. Nikamwonea huruma kwamba mgeni wake hakufika. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimsikitikia mwenzake, mpaka mlinzi alipokuja kufunga kituo na kutuuliza kama tunajuana.

Ndiye aliyekuwa kocha, anaitwa Dana. Aliposikia jina langu alitabasamu, kisha akatazama nyuma yangu, kama vile nimemficha mtu. Aliuliza kama niko peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasema karibu, mara mbili, na ya pili ilikuwa ya kujikaza kidogo.

Ukumbini

Asubuhi nilielewa kwa nini. Ukumbi wao ni mkubwa kuliko soko letu, na sakafu yake inadunda kama chapati iliyoiva. Kulikuwa na wasichana wengi, nywele zimefungwa kwa utepe, na wote wanacheka bila sababu. Kocha alinipanga na wasichana watatu na kuwaambia wanirushe.

Sijawahi kurushwa. Tangu nizaliwe, nadhani ni mama pekee aliyewahi kuninyanyua. Nikajaribu kusema, lakini walikwisha kunishika. Nilipanda kiasi cha meza, tukakaa hapo tukifikiria, halafu tukateremka sote wanne pole pole mpaka sakafuni, kama nyumba ya matope kwenye mvua. Wao wakaniomba radhi. Mimi nikawaomba radhi. Kila mmoja alikuwa na adabu na hakuna aliyeweza kusimama.

Kocha akaniita pembeni, akatoa simu, akafungua video yetu. Akaweka kidole juu ya Atieno.

"Huyu si wewe."

Nikasema huyo ni Atieno. Mimi ni huyu, nikaweka kidole chini yake, mahali ambapo aliyepiga video alinikata na kuacha paji la uso na vidole.

"Lakini uliandika wewe ni wa katikati."

"Ndiyo," nikasema. "Katikati, chini."

Alifunga macho kwa muda. Kisha akanieleza, kwa upole ambao ulinifanya nitake kulia, kwamba nafasi aliyokuwa nayo mwaka huu ilikuwa ya msichana wa juu, na kwamba kosa ni lake, alipaswa kuuliza. Nikafikiria gari la Mzee Shikuku, mama getini, mchungaji na sauti yangu. Nikafikiria kibanda cha shangazi, na watu watakavyouliza mbona nimerudi mapema. Nikamwambia, "Naomba unijaribu pale ninapopajua. Nikishindwa nitarudi bila maneno."

Akaniletea msichana anayeitwa Kelsi. Msimu uliopita Kelsi alikuwa ameanguka vibaya, na ingawa alipona, alikuwa bado anatetemeka akipanda. Kocha akaanza kuhesabu: tano, sita, saba, nane. Mimi niliposikia tano nikamnyanyua. Sisi tukihesabiwa tunafanya. Kumbe wao hesabu hiyo ni ya kujiandaa, na kazi huanza kwenye moja. Kelsi alikuwa bado anafunga nywele. Alipaa juu na mikono kichwani na kibanio cha nywele mdomoni, na huko juu hakuweza hata kulalamika.

Nikaelezwa. Nikauliza, kama kazi inaanzia moja, kwa nini wasianzie kuhesabu moja. Walitazamana, na nafikiri mpaka leo hawajapata jibu.

Tulirudia. Safari hii nilimpandisha wakati wake, nyayo zake viganjani mwangu, na nikazisikia zinavyotetemeka. Nikasahau niko wapi. Nikamwambia kama ninavyomwambia Atieno, "Tulia. Niko."

Hakuelewa neno, lakini alitulia. Miguu ikawa mizito na imara, kama inavyotakiwa. Kocha akawapa ishara wasichana waliokuwa wakinisaidia kumshika wajitoe, mmoja, kisha wote. Nikabaki naye peke yangu, mikono imenyooka. Wasichana wenyewe waliacha kucheka.

"Sasa tabasamu," kocha akasema.

Hapo ndipo nilipotaka kushindwa. Kubeba naweza, lakini nani amewahi kumwona mchukuzi wa soko la Korogocho amebeba gunia la viazi akitabasamu? Nikaonyesha meno. Kelsi aliinama kidogo, akaniuliza kwa hofu kama ninaumia. Nikaanza kucheka kweli, yeye akacheka, tukayumba, nikamshika, na kocha akasema basi hilo hilo.

Siku zilizobaki za majaribio nilizitumia kujifunza kucheka. Na wasichana wakaanza kuniita Niko. Nilijaribu kuwaeleza kwamba hilo si jina, wakasema ni jina zuri sana, nisiwe na haya. Walipokuwa wakinyanyuana wenyewe kwa wenyewe nikawasikia wa chini wakiwaambia wa juu, kwa lafudhi ya ajabu, "Tulia, Niko," na wa juu wakitulia. Nikaacha kusahihisha.

Kurudi

Kocha Dana alinipeleka kituoni mwenyewe. Njiani hakuzungumza, nami nikajiandaa kwa mabaya. Tulipofika alizima gari, akasema amekaa na wakubwa wa chuo na kuwaeleza kwamba wasichana wa juu atawapata popote, lakini hajawahi kuona mtu akimtuliza Kelsi. Nirudi Agosti. Karo wanalipa, bweni wanalipa, na tibaviungo ipo. Nilitaka kumkumbatia lakini mikanda ya gari ilinizuia, nikamshika bega tu na kumtingisha.

Kisha akauliza, "Na yule mdogo wa kwenye video, mwakani anaweza kuja?"

Nilibeba swali hilo angani safari nzima, na lilikuwa zito kuliko Bi Mwanaidi. Nyumbani walinipokea kwa nyimbo. Mchungaji akatangaza kwamba sauti yangu imekubaliwa. Baba aliniuliza tena, nikamwambia ni kweli, watanisomesha. Akanishika mikono, akaigeuza na kuvitazama viganja kama anavyotazama kipande cha mti kizuri, akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi nilimkuta Atieno ukumbini, nikampa habari zote mbili. Ya kwanza aliifurahia mpaka akanirukia. Ya pili alikaa nayo, akifunga na kufungua kamba za viatu.

"Mimi ndege siwezi," akasema.

Nikashangaa. Mtu anayesimama juu ya mabega ya watu waliosimama juu ya mabega ya watu? Nikamwambia yeye ndiye haogopi juu kuliko sisi wote.

"Huko juu huwa siangalii chini kwa sababu najua ni wewe," akasema. "Kwa ndege, chini kuna nani?"

Nikamwambia kuna rubani. Akasema huyo yuko mbele, na hata hamjui.

Sikumsukuma. Tulipasha mwili moto, tukaanza mazoezi. Nilichuchumaa, akapanda kama siku zote, goti, bega, akasimama, na nikasikia uzito wake ukitulia. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, Atieno akainamisha kichwa akanitazama kutoka huko juu, na kuniuliza kama ni kweli kwenye ndege mtu analetewa chakula pale pale alipokaa.